Nimekukumbuka

Hartford, Connecticut
Jumapili usiku

Mdogo wangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nifikishie shikamoo zangu kwa Mama na kwa Baba Mkubwa, na watoto wasalimie mmoja mmoja, usiwajumlishe. Mimi sijambo. Baridi imeshaingia huku, miti imebaki fito tupu, na saa kumi na moja ya jioni ni giza.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Ulisema siku hizi huendi kwa Bibi kama zamani, kwa kuwa "nikitoka tu mlangoni kashanisahau, ni kama sikwenda." Sikukujibu siku ile. Nilipandwa na hasira, na baadaye nikajua hasira yenyewe si yako. Mwezi uliopita nilimpigia nikamwuliza, "Bibi, mimi nani?" Kimya. Nikamwuliza tena. Mara nne nilimwuliza, kama askari anayemhoji mshitakiwa, mpaka akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, mbona wanitaabisha?" Nilikata simu nikalia jikoni mpaka nikachelewa kazini. Basi haya ninayokuandikia ni yako na yangu pia.

Kazi yangu unaijua, kuwahudumia wazee, na wengi wao wana ugonjwa huohuo wa Bibi, Alzheimer, unaoula ubongo na kufuta kumbukumbu. Miaka sita sasa nawaogesha, nawalisha, nawatafutia miwani waliyoificha wenyewe. Usiku wakilala, nasoma. Nilianza nikitafuta dawa. Dawa ya kuuondoa ugonjwa huu haijapatikana. Lakini katika kutafuta nimekutana na habari za mtu mmoja wa hapahapa, na tangu hapo namfikiria Bibi kwa namna nyingine.

Mwaka 1953, katika hospitali ya mji huu, daktari wa upasuaji William Scoville alimfungua kichwa kijana wa miaka 27, Henry Molaison. Kijana alikuwa na kifafa kikali kilichoshinda dawa. Daktari akaondoa nyama ya ubongo ya ndani, pande zote mbili, ikiwamo sehemu kubwa ya kitu kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua sana. Ila tangu siku ile Henry hakuweza tena kuhifadhi jambo jipya. Unazungumza naye, unatoka nje, ukirudi baada ya muda mfupi anakukaribisha kama mgeni. Aliishi hivyo miaka 55, mpaka akafariki mwaka 2008 akiwa na miaka 82. Muda wote huo wasomi walimtaja kwa herufi mbili tu, H.M., ili kumsitiri.

Mwanasaikolojia Brenda Milner alikuwa akimpima. Siku moja alimpa picha ya nyota aifuatishe kwa penseli, lakini asiutazame mkono wake; atazame kioo tu. Jaribu uone. Unataka kwenda juu, penseli inakwenda chini. Henry naye alihangaika. Kesho yake akafanya afadhali. Siku ya tatu mstari ukanyooka, na yeye mwenyewe hana habari kwamba amewahi kuigusa kazi ile. Henry alisahau, mkono wake haukusahau.

Niliposoma hapo nikafunga kitabu. Nilimwona Bibi amekaa barazani, ukindu umelowekwa kwenye beseni, anasuka ukili. Uliniambia hata sasa, jina la Mama limempotea, lakini ukimwekea ukindu mapajani vidole vinaanza vyenyewe, na upana wa ukili hauyumbi tangu mwanzo mpaka mwisho. Uliniambia kama jambo la kushangaza. Mimi sasa nalielewa. Ubongo hauna sanduku moja la kumbukumbu. Majina na matukio ya jana yanapita kwenye hipokampasi, na hapo ndipo ugonjwa wa Alzheimer unapoanza kula mapema. Ustadi wa mikono unakaa kwingine. Na hisia nazo zina njia zake. Kuna kipande chenye umbo la lozi, jirani kabisa na hipokampasi, kinachoshughulika nazo.

Hapo kwenye hisia ndipo ninapotaka ukae na mimi kidogo.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa waliwaonyesha wagonjwa 17 wa Alzheimer vipande vya filamu vya kuhuzunisha, na wakati mwingine vya kufurahisha. Baada ya dakika chache wakawauliza mmeona nini. Wengi walikumbuka kidogo mno, wengine hawakukumbuka hata kwamba wameonyeshwa filamu. Lakini walipoulizwa wanajisikiaje, huzuni ilikuwa bado iko, na furaha ilikuwa bado iko. Tena waliosahau zaidi ndio ambao huzuni yao ilikawia zaidi kuondoka. Fikiri hilo. Wewe ukihuzunika unajua sababu, unaweza kujipoza: ah, ilikuwa filamu tu. Mwenzako amebaki na uzito kifuani, hajui umetoka wapi.

Sasa rudi kwa Bibi. Anaposema anataka kuvuka pantoni aende ng'ambo, Bweni, kwa mama yake, nanyi mnamjibu, "Mama yako kafa zamani, Bibi," kwake hiyo ni tanzia ya leo. Analia. Dakika kumi baadaye sababu imefutika, kilio kimebaki, na nyinyi mnasema leo kaamka vibaya. Mwulize mama yake alikuwa akipika nini. Mwulize Bweni walikuwa wakilala nyumba gani. Hapo humdanganyi, unamfuata alipo.

Na siku ile uliyompelekea maembe, mkakaa mkayala pamoja, wewe ukaondoka? Jina lako halikubaki. Embe halikubaki. Lakini Mama aliniambia jioni ile Bibi alikuwa akiimba kasida peke yake mpaka magharibi. Hakujua kwa nini. Mimi najua kwa nini, na wewe sasa unajua. Usiniambie tena ni kama hukwenda.

Najua utanijibu nini, maana nilijijibu hivyo mwenyewe: hiyo ni hali nzuri ya mwili tu, si mapenzi, mapenzi lazima umjue unayempenda. Swali hili wanafalsafa wamelihangaikia zamani. John Locke, Mwingereza wa karne ya 17, alisema mtu ni yuleyule kwa kadiri ufahamu wake unavyoweza kurudi nyuma na kuyashika matendo yake ya zamani. Ukiufuata mpaka mwisho mwendo huo, Bibi anapungua kila wiki, na siku moja aliyekaa barazani hatakuwa Bibi. Nilipousoma niliuogopa, kwa sababu ndivyo baadhi ya familia zinavyosema hapa kazini: "Baba alishaondoka, huyu ni mwili wake." Wanasema hivyo huku mzee ameshika mkono wa binti yake hataki kuuachia.

Mskoti Thomas Reid alimjibu Locke kwa mfano mwaka 1785. Mtoto alichapwa shuleni kwa kuiba matunda. Akakua akawa afisa, akateka bendera ya adui, na siku hiyo alikuwa bado anaikumbuka fimbo. Akazeeka akawa jenerali. Anaikumbuka bendera, fimbo ameisahau. Kwa hesabu ya Locke, jenerali ndiye yule afisa, afisa ndiye yule mtoto, lakini jenerali siye yule mtoto. Haiwezekani. Mimi niko na Reid. Mtu ni zaidi ya anachoweza kukisimulia.

Tena nina mfano wetu. Ulipokuwa na miezi minane ulishikwa na homa usiku, na Baba alikuwa safarini. Bibi alikufunga mgongoni akaenda nawe hospitali kwa miguu, mimi nikimfuata na taa. Alikaa nawe pale siku tano, hakulala kitandani hata mara moja. Wewe hukumbuki hata chembe. Hakuna akumbukaye, mambo yetu ya kabla ya miaka mitatu hivi yanapotea, ndivyo ubongo wa mtoto ulivyo. Hukumjua jina. Hukujua kwamba huyu ni mama wa Mama. Ungemwuliza yule mtoto wa miezi minane "mimi nani?" angekutazama kama Bibi anavyotutazama sisi.

Je, ni kama hakukubeba?

Yeye hakungoja umkumbuke ndipo akupende. Mgongo ule uliujua, ukautulia, na kule kutulia ndiko kulikokufanya uwe mtu wa kutulia mpaka leo. Hilo deni, kaka yangu mdogo, linadaiwa sasa, na linadaiwa kwa sarafu ileile.

Kuna Mwafrika mwenzetu, Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 Thagaste, mji ambao leo uko Algeria. Alijiuliza inakuwaje mtu aikumbuke furaha yake ya zamani huku sasa ana huzuni. Akasema kumbukumbu ni kama tumbo la akili: furaha na huzuni ni chakula kitamu na kichungu, vikiingia tumboni vimehifadhiwa, ladha haipo tena. Mfano mzuri, nimekaa nao sana. Lakini mimi, kwa niliyoyaona usiku wa zamu, naona kwa wagonjwa wetu ni kinyume. Tumbo limetoboka, chakula kimevuja, na ladha ndiyo iliyobaki mdomoni.

Na mapenzi yanaweza kubaki makali hivyohivyo. Uingereza yuko mwanamuziki Clive Wearing, aliyeugua mwaka 1985 kwa virusi vilivyoshambulia ubongo. Kumbukumbu yake ikawa ya sekunde chache. Mkewe Deborah akitoka chumbani akarudi, humpokea kwa shangwe kama mtu aliyetengana naye miaka. Hakuweza kusimulia harusi yao. Lakini mapenzi kwake hayakuwa hadithi ya kusimuliwa. Na ukimweka kwenye piano, anapiga.

Sikuahidi kwamba Bibi atabaki hapo alipo. Ugonjwa unaendelea, na huenda siku moja hata vidole visiujue ukindu. Nimewafikisha wengi mpaka hapo. Wakati huo sauti na mguso vitakuwa ndiyo lugha iliyobaki, nasi tutaisema hiyo.

Jambo moja nimeligundua nikiwa mbali na Kiswahili. Wenyeji wa huku wana neno la kukumbuka na wana neno jingine la kumtamani aliye mbali. Sisi tumeyafunga pamoja. Nikikwambia "nimekukumbuka" sisemi kwamba jina lako limenijia kichwani. Nasema moyo wangu umekufuata huko. Nilipokuwa nikimkazania Bibi "unanikumbuka?" nilikuwa nikidai jina, wakati neno langu mwenyewe lilikuwa limebeba lililo kubwa kuliko jina.

Basi Alhamisi nitapiga baada ya alasiri ya huko. Usimwambie nani anapiga, wala usimhimize anitambue. Mwekee simu karibu na sikio la kulia, la kushoto halisikii vizuri. Nitaanza ile kasida ya maulidi aliyotufundisha, nitaimba beti mbili ninyamaze, tuone kama ataipokea. Asipoipokea nitaendelea mwenyewe. Akiuliza huyu ni nani, mwambie ni mtu aliyemkumbuka.

Nimetuma pesa kidogo kwa simu. Nusu ni ya sukari na mafuta ya Mama. Nusu mnunulie Bibi ukindu na rangi ya zambarau, umpelekee wewe mwenyewe, ukae naye akianza kusuka. Chagua ukindu mrefu. Ule mfupi aliurudisha mara ya mwisho, aliupima kwa kiganja akautupa nje ya beseni.

Dada yako