Kabla hujapanda basi la Mirerani

Mwanangu Shabani,

Assalaam aleykum. Huku Korogwe sisi wazima. Presha ya baba yako imetulia, ila mvua zimenyesha siku tatu tu na mahindi yameanza kujikunja. Nimeona niandike, maana kwenye simu unanijibu "sawa mama" kabla sijafika mwisho.

Dada yako ameniambia umeshapeleka barua ya kuacha kazi, na kwamba unahangaikia hela yako ya uzeeni iliyoko kwenye mfuko wa NSSF uitoe yote uingie nayo Mirerani kwenye machimbo ya tanzanite. La kuacha kazi sikuzuii. Una miaka 34, na kama umechoka kuhesabu magunia ya watu ghalani, basi. Ninachouliza ni kimoja: mwezi ujao Salma na mdogo wake watatibiwa kwa kadi gani? Mwajiri akiacha kulipa, kadi inakufa. Inakufa yako, ya Zaituni na ya wale watoto. Ulilijua hilo ulipokuwa unaandika ile barua?

Siku ile ulisema nchi maskini kama yetu haina ubavu wa kumtibu kila mtu na kumlisha kila mzee, bora kila mmoja ajitegemee. Neno hilo nimelala nalo wiki nzima. Halikuniudhi, limenitia hofu, kwa sababu limetoka kwa kijana ninayemjua kuwa hesabu zake hazikosei.

Kila mmoja ajitegemee mimi nimekuona, mwanangu. Uchangiaji, yaani mgonjwa kulipia matibabu, ulianza mwaka 1993 kwenye hospitali kubwa, mwaka uliofuata ukatufikia sisi wauguzi wa wilayani. Kabla ya hapo tulitibu bure, ingawa kabati la dawa mara nyingi lilikuwa tupu, sitaki kukudanganya kwamba zamani ilikuwa pepo. Asubuhi moja akaja mwanamume na mtoto wake wa kiume, homa kali, viganja vimekuwa vyeupe kwa kukosa damu. Watoto chini ya miaka 5 walisamehewa kulipa. Huyu alikuwa na 7. Baba mtu akauliza bei pale dirishani, akatoa noti, akazihesabu, akazikunja akazirudisha mfukoni. Akamfunika mtoto kwa koti lake, wakaondoka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sindano mkononi, dawa nimeshaivuta. Kanuni ilikuwa risiti kwanza. Ningeweza kumwita. Sikumwita. Mtoto yule hakurudi kwetu, na nimestaafu nikiwa bado namwona mgongo baba yake akiteremka ngazi.

Kwa hiyo usiniambie kujitegemea.

NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ilipoanza mwaka 2001, sisi wauguzi tulinung'unika sana. Asilimia 3 ya mshahara wetu na 3 ya mwajiri, tukasema tunakatwa na hatuumwi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hapo hapo ndipo palipo na siri: tulikatwa wakati hatuumwi. Fungu la mwalimu mzima wa Handeni ndilo linalomsafisha figo mwalimu mgonjwa wa Tanga. Wagonjwa wakibaki peke yao humo ndani, hakuna mfuko utakaosimama, hata uwe wa Ulaya.

Angalia Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto ya NHIF. Ilikuwa sh 50,400 kwa mtoto kwa mwaka mzima. Wenye watoto wazima wakasema bado yuko mzima, tutakata baadaye, na wengine wakaja kukata siku mtoto yuko kitandani. Mfuko ukajikuta unapokea wagonjwa kwa wingi, makusanyo hayakaribii gharama, na Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa. Nilisikitika sana, lakini sikushangaa. Ndiyo sababu sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023 inataka kila mkazi awemo. Kwa wasio na uwezo imetaja fedha za kuwabeba, nyingine zitoke kwenye ushuru wa soda, vileo, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Watu wanalalamika kwamba wanalazimishwa. Mimi niliyekaa wodini miaka 33 nasema bila kulazimishana haiwezekani, na pakiwa na kulazimishana inawezekana. Ugumu uko kwa watu wasio na mshahara wa kukatwa: wakulima, mama ntilie, bodaboda, na kuanzia wiki ijayo, wewe.

Unaona sasa kwa nini nakufuata? Uliyesema nchi haiwezi ndiye unayejichomoa ukiwa kijana, mzima na mwenye kazi. Utarudi ukiwa na miaka 60 na kifua cha vumbi la mgodi, utakuta watu kama wewe walishaondoka, halafu mtasema mnaona, haiwezi.

Wanaapolo, wachimbaji wa huko Mirerani, hawana mshahara, wewe unalijua kuliko mimi. Mnalishwa, mnasubiri jiwe litoke, ndipo mgao. Jiwe linaweza kuchukua miaka. Na mwamba ukimshukia mtu?

Baba yako mdogo yale yaliyompata unayajua, siyarudii. Ila hili sidhani ulilijua: kadi yake ya CHF, ile bima ya afya ya jamii, ilikuwa imeisha tangu Machi. Ilikuwa sh 30,000 kwa kaya ya watu sita, mwaka mzima. Ingemfikisha hadi hospitali ya mkoa na ng'ombe yule asingeuzwa. Kuna mtu alimwahidi kumlipia, hela akawa nayo mkononi, kisha ikaja michango ya sare za harusi ya binti wa jirani, akatoa kule kwanza akisema CHF nitalipa mwezi ujao. Ile sare ya zambarau nimempa dada yako, mimi haikunikaa vizuri.

Sasa la uzeeni. Kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu, kilipobadilishwa mwaka 2018, mkupuo unaolipwa mara moja siku ya kustaafu ukashushwa hadi asilimia 25, mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga kelele. Wa mfuko wetu tulizoea 50. Rais Magufuli akasitisha Desemba ile ile, nikastaafu 2019 na nusu yangu kamili, nikasujudu. Unajua ilikokwenda. Habari ya lile gari la Noah tuiache, baba yako alishaisema ya kutosha. Ninachotaka ukijue ni kwamba leo sukari, umeme na nauli ya kwenda kliniki vinatoka kwenye ile pensheni ndogo ya kila mwezi niliyokuwa naidharau. Rafiki yangu tuliyezalisha naye usiku mwingi alistaafu baada ya Julai 2022, akapewa asilimia 33, akalia mbele yangu hapa barazani kwa sababu msingi wa nyumba ulishachimbwa na hela haikutosha. Nililia naye, na nililia kwa haki, kwani mtu akiahidiwa kwa miaka 30 usimbadilishie siku ya mwisho. Mwaka 2024 wamepandisha hadi 40 kwa wale waliozoea 50, na 35 kwa wengine. Afadhali. Lakini ningeulizwa leo, ningesema waongeze ile ya mwezi kwanza.

Na serikali nayo sitaisafisha. Wanaouchakaza mfuko si wazee wanaoishi miaka mingi tu. PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ilibeba watumishi walioajiriwa kabla ya 1999 ambao hawakuwa wamechangia, serikali ikasema italipa, deni likakaa miaka na miaka, hadi mwishoni mwa 2021 ikatoa hatifungani, yaani hati ya deni la serikali, ya shilingi trilioni 2.17. Hiyo hela ingelipwa kwa wakati, huenda kelele za kikokotoo zingekuwa nusu. Viongozi wa Afrika nao walikutana Abuja mwaka 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya, nami nimevua sare ya uuguzi ikiwa bado ahadi. Kwa hiyo ukisema hawaaminiki, hapo una hoja. Ukisema nchi haiwezi, hapo nakukatalia. Zanzibar si matajiri, na tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 anapewa pensheni, awe aliajiriwa au alivua samaki maisha yake yote. Ilianza na sh 20,000 kwa mwezi. Mama mkwe wa dada yako kule Chake Chake siku ya malipo anaoga mapema, anavaa buibui lake jipya, na akirudi ananunua dawa yake mwenyewe bila kumwomba mtu. Ungemwona usingeita ndoto.

Nakuuliza tena, Shabani: kadi ya watoto. NSSF wanawachukua hata waliojiajiri, nenda ukaulize dirishani jinsi ya kuendelea badala ya kuuliza jinsi ya kutoka. Pitia na NHIF uone sasa wana vifurushi gani vya familia. Usimtume Zaituni, nenda mwenyewe, na vyeti vya kuzaliwa mkononi. Ukisema hela huna, uza ile pikipiki ya pili. Na kama ni lazima utoe kitu kwa ajili ya mgodi, niambie kiasi, nitazungumza na baba yako kuhusu wale mbuzi wawili wakubwa. Hela ya uzeeni iache ilipo.

Usidhani sioni ulivyojikaza. Ada ya mdogo wako umeilipa miaka mitatu bila kuchelewa, na mwalimu mkuu aliniambia mbele za watu, nikatembea na hilo hadi nyumbani. Ndiyo sababu naumia zaidi.

Bati la jikoni limetoboka upande wa magharibi, fundi anataka bati tatu, nimemwambia asubiri. LUKU uliyonitumia juzi imeingia. Ile deli ya bluu dada yako anaidai, kama iko kwako ije na basi. Mpe Zaituni salamu, mwambie mafuta ya nazi nimempikia chupa mbili.

Basi lenu likifika Segera nibipu, nitashuka stendi na unga na machungwa, tutaonana japo dakika zile tano za dereva. Niletee picha za pasipoti za watoto, mbili mbili, zenye bluu nyuma. Kama utakuwa hujaenda NHIF, nitakwenda mimi Jumatatu.

Mama yako