Vilima vya Ngong: anayekwenda peke yake ajihadhari na mteremko

Mhariri,

Wanaopanda Vilima vya Ngong, karibu na Nairobi, peke yao huogopa kupanda, ilhali kinachowaangusha ni kushuka. Mgongo ule una vilele saba, kirefu kabisa kikiwa na takriban mita 2,460, na kati ya kilele na kilele unateremka tena. Ukifika cha nne au cha tano mapaja yamechoka, hayazuii uzito, na kiatu kinateleza kwenye changarawe. Shuka kwa hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo. Kaza kamba za kiatu kwenye kifundo cha mguu, la sivyo vidole vitagonga mbele na kucha zivilie damu.

Beba maji lita tatu. Upepo wa kule hukausha jasho kabla hujalihisi, kwa hiyo kunywa kila nusu saa hata bila kiu. Koti la kuzuia upepo ni lazima.

Radi ikisikika, ondoka mgongoni mara moja. Usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Mwachie mtu nyumbani njia yako na saa ya kurudi. Saa saba mchana ikikukuta hujafika nusu, geuka, maana jua likizama giza huingia upesi.

Msomaji, Ngong