Tezo Haiuzwi kwa Kilo

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei. Niliyemtuma juzi amerudi na salamu tupu. Basi naandika hapa, maana najua mkeo husoma, naye atakusomea hata ukijifanya umelala.

Kwanza ahsante. Miezi ile ya mwisho wewe ndiye uliyekuwa ukimgeuza baba ubavu, ukimwogesha, ukimkorogea uji. Sikatai, na Mungu akulipe. Lakini siku ya nne ya msiba, mdogo wangu. Siku ya nne!

Mikeka ya matanga ilikuwa bado uani. Yule kijana wa vyuma chakavu akaingia na guta lake, akatundika mizani kwenye tawi. Nikadhani kafuata yale mabati yaliyooza. Kumbe umetoa na sanduku la baba: tezo yake ya kuchongea ngarawa, patasi tatu, chuma cha keekee, msumeno wa watu wawili. Vyote gunia moja na sufuria lililotoboka. Kijana akasema mti hanunui, akachukua nyundo akagonga mpini wa tezo hadi ukachomoka. Ukauokota ukautupia jikoni kwenye kuni. Nilipofungua mdomo ukanijibu mbele ya mashangazi: "Dada, wewe mwanamke, tezo utachongea nini?"

Nitachongea nini. Wewe ulipokuwa chuoni na alifu kwa ujiti, nani alishika upande wa pili wa msumeno huo? Najua alivyokuwa akichagua mwembe wa ngarawa. Unaozaa hakuugusa, alizunguka mashamba ya watu mpaka apate uliochoka, mnene, ulionyooka. Akauanza palepale ulipoangukia, aupunguze uzito kabla ya kuuburura pwani. Halafu tezo, asubuhi kabla jua halijawa kali, vibanzi vikitoka vyembamba kama maganda ya kitunguu. Unene wa ubavu hakuupima kwa futi. Aligonga kwa kidole, akasikiliza, akachonga tena. Jioni utamkuta kwenye mihogo yake kama mtu ambaye hajafanya kazi tangu asubuhi. Mkonge hakuukata hata siku moja, ingawa ule wa kwanza nchini ulipandwa hukohuko kwetu Pangani, Kikogwe, mwaka 1893, na babu ulimmaliza mgongo. "Mimi sitaki mtu anihesabie majani," alikuwa akisema, nasi tukicheka.

Mbuzi ninayokalia kukunia nazi hapa Dar es Salaam mpaka leo ni mkono wake. Wanangu wananiambia ninunue mashine.

Sasa sikiliza. Daraja la mita 525 linajengwa hapo mto Pangani, na madalali watakuja Bweni na maneno matamu. Shamba usiuze. Mnazi utaangua kila baada ya miezi mitatu. Kiwanja ukishakiuza umekiuza. Na usinitajie ile minazi kumi na miwili niliyomwambia baba awauzie wachoma chokaa. Ile ilikuwa imezeeka, haizai, na ada ya mwanangu ilikuwa imefika. Baba mwenyewe aliridhia. Alinyamaza, lakini aliridhia.

Najua pia unachowaambia watu: kwamba vuli ile alinipigia, "Mwanangu, njoo unishikie gogo," nami nikasema mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukaja na mambo yake. Pesa ya dawa nilituma kila wiki, na ujumbe wa simu ninao wote, sijafuta hata mmoja. Ulitaka nifanye nini, niache kazi nije kushika gogo? Wewe ulikuwepo, mikono unayo, mbona hukumshikia?

Ngarawa yenyewe naambiwa bado iko chini ya mkorosho, haina mrengu wala matengo ya kuizuia isipinduke, imejaa maji ya mvua na bata wa jirani wanaogelea humo. Angeliona hilo baba angecheka mpaka akohoe.

Ule mpini niliuchomoa kwenye kuni usiku ule, mmelala. Umeungua ncha kidogo. Umelika pale palipokuwa pakikaa gumba lake, na gumba langu halipajazi.

Mtafute yule kijana wa guta, umuulize vyuma anavipeleka wapi. Jumamosi navuka kwa kivuko cha asubuhi. Usinichinjie kuku.