Reli ya mfano itangulize kazi ya treni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa wapenzi wa reli za mfano, yaani reli na treni ndogo zinazojengwa mezani kuiga zile halisi, kuhusu kipi kitangulie: uendeshaji unaofuata utaratibu wa reli halisi au uzuri wa mandhari. Kwa maoni yangu uendeshaji utangulie, kwa sababu kilima kinaweza kuongezwa baadaye, lakini njia ya kupishania treni ikisahauliwa hairudishwi bila kubomoa.

Ugumu wenyewe ni wa vipimo. Katika kipimo cha HO, yaani 1:87 (kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko kile halisi), kona ya reli halisi yenye nusu kipenyo cha mita 300 ingehitaji nusu kipenyo cha karibu mita 3.4, nafasi ambayo vyumba vichache vinayo. Ndiyo maana wengi hutumia kona zenye nusu kipenyo cha sentimita 45 hivi, ambazo mabehewa marefu ya abiria huzipita yakiwa yamechomoza pembeni kwa namna isiyopendeza hata kidogo. Hapo ndipo mandhari inapopaswa kuitumikia kazi: kona kali ifichwe ndani ya handaki, na njia za kuegesha ziwekwe nyuma ya kilima, ili treni itoweke na kurejea kwa saa yake kana kwamba imetoka stesheni ya mbali.

Nasikitika ninapoona meza iliyojazwa reli hadi ukingoni. Stesheni moja yenye nafasi, ambako injini huachanisha mabehewa ya mizigo na kuyasukuma taratibu hadi ghalani, humshika mtazamaji kuliko treni kadhaa zinazozunguka bila kusimama popote.

Ni mimi,
Mpenzi wa reli za mfano