Kwa vijana wa Rungwe na Kyela mnaotaka mpaka ufungwe tena

Wajukuu zangu,

Salamu zenu nazipata, na kelele zenu pia nazisikia. Pale stendi wimbo ni mmoja: Wamalawi wamezidi, wafungiwe tena, na safari hii mwaka mzima. Nimevumilia hadi nimechoka.

Mwaka 2025 si mbali. Machi, Malawi ilizuia mazao kutoka nje, yakiwemo mchele, tangawizi, ndizi na mahindi. Fedha za kigeni zilikuwa zimeikaukia, tena ilitaka kuwalinda wakulima wake. Aprili tukajibu: mazao ya Malawi yasiingie, na ya Afrika Kusini pia, maana nao walikuwa wamezikataa ndizi zetu. Mbolea nayo isivuke kwenda Malawi. Serikali ilikuwa na hoja, sikatai. Nchi isiyo na bahari iliguswa pabaya, na haikuchukua muda wakubwa wakazungumza. Nanyi mkasema tumeshinda.

Nani alishinda? Ndizi haina subira. Mahindi utayaweka ghalani mpaka mawaziri wapatane. Mkungu uliokatwa Tukuyu leo, siku chache tu umeiva na kulegea, na mnunuzi analijua hilo. Mpaka ukisita, bei anaitaja yeye. Mwenye semitrela hugeuza gari, akapeleka mzigo Dar au akapitia Tunduma kwenda Zambia. Mama mwenye mikungu mitano, aliyekopa kikoba nauli ya kufika mpakani Kasumulu, atageukia wapi? Anauza kwa bei ya kutupa, na siku ya kikundi marejesho ni yaleyale. Huyo ndiye mama yenu! Mnakula ugali wake halafu mnashangilia.

Wala msidhani biashara hufa mpaka ukifungwa. Huhamia usiku. Mto Songwe mnaujua, njia za panya mnazijua kuliko mimi. Ile tofauti ya bei ya ng'ambo hii na ile, ambayo ingekuwa faida ya mkulima na ushuru wa halmashauri, humezwa na mvushaji na yule anayelipwa ili asione. Watu hao hawana haraka ya suluhu. Mtu akiwachochea, angalieni kwanza anauza nini.

Ugomvi wa wengine ulishatunufaisha hata sisi, tuseme kweli. Zambia ilipochoka kupitisha shaba yake Rhodesia ya Smith, ambayo leo ni Zimbabwe, ikajengwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860, kati ya 1970 na 1975, kwa mkopo wa China. Makambako ikachangamka, Tunduma ikanenepa. Mzigo wa kuzunguka waliubeba Wazambia.

Mengine nayataja tu. Maji Maji, 1905 hadi 1907: Wajerumani walichoma mashamba na maghala makusudi, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Vita vya Kagera: vilikuwa vya haki, lakini Mwalimu alituambia tufunge mkanda miezi 18, nasi tukaendelea kupanga foleni ya sabuni na sukari miaka baada ya hapo, huku Tukuyu, mbali kabisa na Kagera. Vita vya Ukraine, 2022: mfuko wa mbolea ulipita laki moja, nanyi hamjui hata Ukraine iko wapi.

Na Ziwa Nyasa. Mstari tunaougombania na Malawi ulichorwa na Waingereza na Wajerumani kwenye mkataba wa 1890, wala hakuna mvuvi wa Matema aliyeulizwa. Ulisahaulika, ukakumbukwa ulipoanza utafutaji wa mafuta.

Lawama si yenu peke yenu. Sisi wazee tumewalea mkidhani uzalendo ni kumtukana jirani, na wenye vipaza sauti wanatafutia kura humohumo. Ushuru wa mazao hukusanywa kila msimu. Ningependa kuona chumba cha baridi cha kuhifadhia ndizi kabla ya kuona mkutano mwingine wa hadhara. Nanyi mnajua kwamba Wangonde wa Karonga ni ndugu zetu, kwao tumeoa na wao wameoa kwetu. Mkivuka mnasalimiana kwa lugha ya bibi zenu, kisha mnarudi stendi kuwatukana.

Mkija kwangu tena kujadili mpaka, kila mmoja amuulize kwanza mama yake aliuza mkungu kwa shilingi ngapi Aprili ile, na deni la kikoba alilimaliza lini. Asiye na majibu hayo atanichotea maji wakati wenzake wanazungumza.

Babu yenu,
Tukuyu