RISALA YA WATUMISHI WA WODI YA WAZAZI KWA MGENI RASMI, SIKU YA WAKUNGA DUNIANI, 5 MEI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa meza kuu,
Wazee wetu, kina mama na watumishi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha hospitalini kwetu, huku juu kwenye uwanda wa Makonde. Ratiba yako imebana na barabara umeiona mwenyewe, kwa hiyo historia tutaipitia mbio. Tulianza tukiwa zahanati, leo ni hospitali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio yetu ni makubwa. Mwaka huu tumeshona mapazia mapya, tumetengeneza mzani uliokuwa ukimpa kila mtoto kilo tatu na nusu, na tumeshika nafasi ya pili ya kuvuta kamba kwenye bonanza la idara. Timu zilizoshiriki hatuzitaji, kwa kuokoa muda. Tunaipongeza pia Serikali: utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Siku hizi mama akipatwa na dharura inapigwa 115, gari la m-mama, mpango wa usafiri wa dharura wa kina mama na watoto wachanga, linamfuata. Linamleta hapa, usiku, kwa mkunga mmoja au wawili walioko zamu. Ombi letu linaanzia hapo.

Kifafa cha mimba kikimshika mama saa nane usiku, mkunga anatakiwa achukue mililita 8 za dawa ya magneziamu salfeti ya asilimia 50, aongeze 12 za maji, apate gramu 4 za kupitisha mshipani taratibu, kisha achome gramu 5 kila tako. Anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Mtoto asiyepumua anatakiwa aanze kupumulishwa kabla dakika moja haijaisha. Hesabu hizo hazifanyiki kwa kukumbuka semina ya mwaka juzi.

Hatusemi mafunzo hayapo. Yapo, na tunayashukuru. Barua huja ikitaka mtu mmoja. Anakwenda siku tano hotelini Mtwara mjini, anarudi na cheti na begi. Mwaka jana walikwenda watatu. Wawili wameshahamishwa, wa tatu amepangiwa chumba cha macho. Anakusalimu.

Tunachoomba ni chumba cha mazoezi hapahapa: sanamu mbili za mafunzo, ya mama na ya mtoto, vifaa vyake, na mkunga mmoja mwenye jukumu la kutufundisha, ili kila zamu ipate nusu saa ya mazoezi kila wiki.

Ombi hili si geni, Mheshimiwa. Lilisomwa uwanja huuhuu miaka mitatu iliyopita, na mgeni rasmi wa siku hiyo akaahidi, tena kwa kusimama, kwamba vifaa vitafika kabla ya msimu wa korosho. Hakuutaja msimu gani, na kosa la kutouliza ni letu. Aliyemfuata alisema jambo liko kwenye mchakato. Chumba tulikisafisha wenyewe, tukapaka rangi, tukaandika mlangoni CHUMBA CHA MAZOEZI. Kwa sasa kinatunza magodoro chakavu. Ukitoka utakiona upande wa kushoto. Mlango tumeuacha wazi makusudi.

Na hatukukaa tukilia. Tumeshona mwanasesere wa khanga kuukuu, tumemjaza sufi. Damu yetu ni maji ya rosela, tunayamwaga kwenye beseni na vitambaa kujifunza kukadiria nusu lita kwa macho. Mwanasesere huyo ni mvumilivu sana, ila tukimpulizia hewa kifua chake hakiinuki, basi anayejifunza hajui kama amepatia au amekosea. Atakuja kujua kwa mtoto wa mtu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ahadi tunazo za kutosha na tunazitunza vizuri. Safari hii tunaomba tarehe. Katibu wetu amekaa mstari wa mbele na daftari lake.

Kina mama wamekuandalia korosho kidogo na mkeka. Utakabidhiwa baada ya hotuba yako.

Naomba kuwasilisha.

Kamati ya Maandalizi,
Wodi ya Wazazi