Kwa dada yangu anayeililia kumi bora

Dada, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, hata pale katikati ulipokuwa unagombana na muuza mkaa. Hongera sana. Mtoto kupata wani ya saba kidato cha nne, yaani divisheni ya kwanza kwa pointi saba, ya juu kabisa, si jambo dogo. Ila hili la kulilaumu Baraza la Mitihani kwamba limemnyima mwanao kusomwa kwenye taarifa ya habari, acha nikujibu hadharani, maana najua hauko peke yako.

Kumi bora, ile orodha ya wanafunzi kumi na shule kumi zilizoongoza nchi nzima, iliondolewa Januari 2023, yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne cha 2022. Baraza lilieleza kuwa kuwashindanisha watoto ambao mazingira yao ya kusomea hayafanani hakuna tija, na kwamba kuzitaja shule ni kuzifanyia biashara. Hoja hii ya pili wengi waliipita mbiombio, mimi ndiyo naishikilia. Kumbuka zile orodha: St. Francis ya Mbeya, Kemebos ya Kagera, Feza Boys. Ulikuwa na jina la mtoto hata mmoja kichwani baada ya mwezi? Shule ulizikariri, ukaanza kuulizia ada.

Halafu itazame hesabu yenyewe. Pointi zinatokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, na A inaanzia 75. Mwenye 76 na mwenye 98 wote wanabeba pointi moja kwa somo hilo. Wenye saba wako wengi, na huwezi kumpata wa kwanza kati yao bila kuchungulia alama ambazo sisi wazazi na wajomba hatuonyeshwi. Tunachokiona ni namba ya mtihani, jinsia, pointi, divisheni na madaraja ya kila somo, basi.

Sikatai kwamba kuna kilichopotea. Msichana wa sayansi akihojiwa redioni kwamba ameongoza nchi nzima, wasichana wengine walisikia. Hapo nakupa haki yako.

Lakini usidhani watoto hawapangwi tena. Kilichozimwa ni kipaza sauti tu. Nafasi za kidato cha tano bado zinagawiwa kwa ufaulu. Akimaliza cha sita kuna Samia Scholarship, inayowachukua waliofanya vizuri zaidi kwenye sayansi na kuwalipia chuo. Wale hawaulizi gazeti gani lilimtaja.

Kile cheti cha mwanafunzi bora alichopewa kwenye mahafali kiache ukutani, amekitolea jasho. Ila ujue mahafali yenyewe yalifanyika kabla ya mtihani wa taifa, kwa hiyo alisifiwa kwa mitihani ya shuleni na moko, ile ya majaribio. Hilo wazo lako la kukiambatanisha kwenye kila ombi, tafadhali liache.

Sasa lenye haraka. Umeshautangazia ukoo mzima kwamba kidato cha tano anakwenda PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia). Mimi aliniambia EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), na alinieleza kwa nini kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. TAMISEMI, wizara inayowapangia shule, huwa inafungua dirisha la kubadilisha tahasusi, yaani hayo masomo matatu, baada ya matokeo, kupitia mfumo wake wa mtandaoni wa Selform. Likifunguliwa, mpe simu aingie mwenyewe, na wewe kakae sebuleni. Shemeji nimeshaongea naye, yuko upande wangu.

Mdogo wako.